Kutembea Tuta la Su, Hangzhou: mwongozo kamili wa kilomita 2.8 chini ya mierebi

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofuata mzigo Yiwu, pamoja na wanafunzi wetu walioko Shanghai na Jinhua, hupita Hangzhou mara nyingi bila kushuka. Wanaoshuka huenda kwenye Ziwa Xihu upande wa maduka, hupiga picha mbili tatu katikati ya umati, kisha hurudi stesheni. Kilicho kizuri zaidi kipo ng'ambo, upande wa magharibi wa ziwa: njia ya miguu inayokata maji kutoka kusini hadi kaskazini, miti pande zote mbili, na madaraja sita ya mawe. Wachina huiita Sudi. "Di" ni tuta, "Su" ni ukoo wa aliyelijenga. Kwa msemaji wa Kiswahili jina hilo halipotei kichwani, maana kwetu sudi ni bahati njema.

Ushauri wetu ni mmoja, na mengine yote humu yanaufuata: litembee tuta lote, alfajiri, ukianzia kusini.

Neno kuhusu saa kwanza. Humu tunatumia saa za Kiswahili. Tiketi za treni za China zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo treni ya saa 1:30 asubuhi utaiona imeandikwa 07:30, na ya saa 1:30 usiku ni 19:30. Ukikata tiketi kwa haraka, hapo ndipo makosa huanzia.

Unachokanyaga ni tope la ziwa

Xihu ni ziwa la kina kifupi, wastani wa mita mbili na kidogo. Ziwa la namna hiyo lisipotunzwa huziba. Mwaka 1089 Su Shi, mshairi anayejulikana pia kama Su Dongpo, alipoteuliwa kuwa mkuu wa Hangzhou, magugu yalikuwa yamelimeza kwa kiasi kikubwa, na mji ulilitegemea kwa maji. Mwaka uliofuata aliomba idhini ya serikali, akakusanya vibarua, wakang'oa magugu na kuzoa tope. Likabaki swali la kulitupa wapi. Badala ya kulisomba kuzunguka ziwa zima, lilirundikwa katikati ya maji kwa mstari mmoja, na mstari huo ukawa njia ya mkato kati ya kusini na kaskazini. Mierebi ilipandwa ili mizizi yake ishike udongo.

Madaraja sita yapo kwa sababu hiyohiyo ya maji. Tuta limeligawa ziwa: mashariki ni ziwa kubwa linalotazama mji, magharibi ni maziwa madogo yanayotazama vilima. Bila mapengo chini ya madaraja, maji ya magharibi yangesimama yakaoza, na mashua zisingepita. Ukilijua hili unaanza kuangalia vizuri: kila daraja ni dirisha la pande mbili, upande mmoja mji, upande wa pili milima. UNESCO iliiweka mandhari yote ya Xihu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Uende lini

Siku kumi za mwisho za Machi ndizo wenyeji huzisubiri. Mierebi huwa imechipua majani mabichi ya rangi ya kijani hafifu na mifyulisi, ile wengine huiita mipichi, imejaa maua ya waridi. Imepandwa kwa mpangilio wa zamani, mwerebi mmoja, mfyulisi mmoja, hivyo rangi hupokezana njia nzima. Epuka siku tatu za sikukuu ya Qingming mwanzoni mwa Aprili. Katikati ya Aprili mierebi huachia manyoya meupe mepesi yanayoelea hewani. Mwenye pumu au mzio achukue barakoa na dawa zake.

Mei 1 hadi 5 na Oktoba 1 hadi 7 usiende kabisa. Hizo ni likizo za taifa, na juu ya tuta utatembea kwa mwendo wa mtu aliye mbele yako.

Kuanzia katikati ya Juni hadi mapema Julai ni msimu wa mvua za plamu: manyunyu ya siku nzima, kila kitu kina unyevu. Julai na Agosti ni joto la nyuzi 35 na zaidi, la kufanana na Dar ya Februari lakini bila upepo wa bahari. Mayungiyungi huchanua wakati huo, hasa upande wa kaskazini, kwa hiyo ukienda kiangazi maliza matembezi kabla ya saa 3 asubuhi. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba hewa hujaa harufu ya guihua, ua dogo la manjano ambalo ndilo ua la mji wa Hangzhou. Novemba ni kavu, baridi ya wastani, na majani ya barabara za kando ya ziwa hugeuka dhahabu. Kwa mtu asiyeweza kupanga safari kwa kufuata maua, Novemba siku ya kazi ndiyo chaguo letu. Januari ni karibu na nyuzi 0 alfajiri. Vaa koti zito na glavu.

Maandalizi kabla ya kutoka nyumbani

Viza. Pasipoti za Tanzania na Kenya zinahitaji viza ya China kabla ya safari, na hazimo katika mpango wa kupita bila viza kwa saa 240. Usinunue tiketi ya ndege kwa kutegemea maelezo ya mwenye pasipoti ya Ulaya au ya Oman. Masharti yao ni mengine.

Pesa. Wachina hulipa kwa simu hata muuza mahindi ya kuchemsha. Sakinisha Alipay au WeChat ukiwa nyumbani, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, kamilisha uhakiki wa pasipoti, kisha uijulishe benki yako kwamba utatumia kadi China. Hatua hii ya mwisho wengi huisahau: programu inakubali kadi, lakini malipo ya kwanza yanakataliwa kwa sababu benki imeona ni wizi. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa mara moja hayana makato ya Alipay. Juu ya hapo hukatwa asilimia 3. Beba pia yuan 200 hadi 300 taslimu, noti ndogondogo. Fedha taslimu inakubalika kisheria, tatizo huwa chenji.

Ramani. Google haifunguki kwenye mtandao wa China na ramani zake huko haziaminiki. Tumia Amap, ambayo ina hali ya Kiingereza. Laini yako ya nyumbani ikiwashwa kwa matumizi ya nje ya nchi, kwa kawaida WhatsApp itaendelea kufanya kazi. Ukiwa kwenye waifai ya hoteli haitafanya kazi.

Hifadhi maneno haya kwenye simu kama picha, ili kumwonyesha dereva hata mtandao ukikatika: 苏堤南口, yaani mlango wa kusini wa Tuta la Su, 岳庙, hekalu la Yue Fei lililo karibu na mlango wa kaskazini, 龙翔桥, kituo cha metro cha Longxiangqiao.

Treni. Kata tiketi kwenye programu rasmi ya reli, 12306, siku 15 kabla. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa kuwa pasipoti ndiyo tiketi yenyewe. Shanghai Hongqiao hadi Hangzhou ni kama saa moja kwa treni ya mwendokasi. Yiwu hadi Hangzhou ni chini ya saa moja kwa treni nyingi. Angalia jina la stesheni. Hangzhou Mashariki (杭州东) na ile inayoandikwa Hangzhou tu (杭州) zote ziko kwenye metro namba 1 inayokwenda ziwani. Hangzhou Magharibi na Kusini ziko mbali. Tiketi ya bei nafuu kidogo ya kufikia huko itakula muda wako. Fika stesheni dakika 45 kabla. Kuna ukaguzi wa mizigo, na geti la treni hufungwa dakika chache kabla ya kuondoka.

Lala Hangzhou usiku mmoja

Alfajiri ya tuta huwezi kuipata kwa kutoka Yiwu au Shanghai asubuhi hiyohiyo. Utafika ziwani saa 3 na mabasi ya watalii yatakuwa yameshashusha watu. Fika jioni, lala karibu na kituo cha Longxiangqiao au Ding'an Road. Kabla ya kulipia, hakikisha hoteli inapokea wageni wa nje, maana hoteli ndogo nyingine hazijazoea kuandikisha pasipoti. Ukilala kwa ndugu au rafiki, sheria inakutaka ujiandikishe polisi ndani ya saa 24.

Jua huchomoza kabla kidogo ya saa 12 asubuhi mwishoni mwa Machi, karibu saa 11 alfajiri mwezi Juni, na karibu saa 12:50 mwishoni mwa Desemba. Uwe mlango wa kusini dakika 20 kabla ya hapo.

Kufika mlango wa kusini

Metro haifiki kwenye tuta. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote: mtu anashuka Longxiangqiao akidhani tuta liko pale, anakutana na maduka na umati, anahitimisha kwamba ameshaliona ziwa. Kutoka hapo hadi mlango wa kusini ni kama kilomita 4. Alfajiri chukua teksi, au ita gari kwa huduma ya Didi iliyomo ndani ya Alipay. Ni dakika 10 hadi 15, na nauli kwa kawaida haifiki yuan 30. Baadaye mchana safari hiyohiyo inaweza kuchukua dakika 40, kwa sababu barabara ya Nanshan hufurika. Kuna pia kituo cha basi kinachoitwa Sudi (苏堤), karibu kabisa na mlango.

Hakuna kiingilio. Ziwa lilifunguliwa bure kwa umma mwaka 2002, na tuta halifungwi. Mtu akitaka kukuuzia tiketi ya kuingia kwenye tuta, pita.

Kwa nini kuanzia kusini? Asubuhi jua hutoka upande wako wa kulia, juu ya ziwa kubwa, na ukungu bado umelala juu ya maji. Halafu ukimaliza kaskazini unaweza kuendelea kwa miguu hadi mjini bila kurudi ulikotoka. Anayeanzia kaskazini huishia kwenye barabara ya Nanshan wakati foleni imeshaanza.

Daraja kwa daraja

Kwa mwendo wa kawaida bila kusimama, kilomita 2.8 ni dakika 40. Tenga saa mbili. Njia ni pana na imesakafiwa. Madaraja yamepinda kama mgongo wa kobe lakini yana mteremko, hayana ngazi, hivyo kigari cha mtoto kinapita. Kiti cha magurudumu kitahitaji mtu wa kusukuma mwenye nguvu. Vaa viatu vyenye soli isiyoteleza, mawe ya madaraja huwa na unyevu asubuhi.

Daraja la kwanza ni Yingbo. Usikimbilie kupanda, kabla yake, pembeni ya mlango, kuna ukumbi wa kumbukumbu ya Su Dongpo na sanamu yake. Ukisimama juu ya daraja na kutazama nyuma, upande wa mashariki, utaona mnara wa Leifeng juu ya kilima. Ule wa kale ulianguka mwaka 1924, huu ulijengwa juu ya magofu yake na kufunguliwa 2002. Upande wa magharibi ni bustani ya Huagang, yenye samaki wengi wekundu, ambayo unaweza kuirudia siku nyingine.

La pili, Suolan, liko karibu zaidi na kisiwa cha Xiaoyingzhou. Tazama kulia, juu ya maji, utafute vijinara vitatu vya mawe. Vilianza kama alama za mpaka: Su Shi alikataza kulima mimea ya majini ndani ya eneo hilo ili tope lisirudi. Toa noti ya yuan moja uigeuze, vimechorwa nyuma yake. Kwa picha, shuka upande wa mashariki wa daraja hadi kwenye ukingo, uweke matawi ya mwerebi juu ya picha na vijinara katikati. Usipige kutokea juu ya daraja, kizuizi cha mawe cha pembeni kitakukatia nusu ya maji.

Wangshan maana yake ni kutazama milima, na jina linakuelekeza: geukia magharibi. Vilima hupangana safu nyuma ya safu, kila moja ikififia kuliko iliyotangulia, kama mchoro wa wino. Mandhari hii hutoweka jua likipanda, kwa hiyo ukiwa umechelewa usisimame sana kwenye madaraja mawili ya mwanzo, wahi hapa.

Yadi ni la nne na liko karibu na katikati ya tuta. Chini yake ndipo mashua nyingi hupita kati ya ziwa kubwa na madogo. Karibu nalo kuna kibanda chenye bamba la jiwe lililoandikwa kwa mwandiko wa mfalme Kangxi: Sudi chunxiao, "alfajiri ya masika kwenye Tuta la Su". Hii ni ya kwanza katika orodha ya mandhari kumi za ziwa zilizotambuliwa tangu enzi ya wafalme wa ukoo wa Song, na jina lenyewe linakuambia saa ya kuja. Kuna mabenchi, pumzika hapa, unywe maji.

Kati ya Yadi na daraja la tano, Dongpu, inua macho kwenye miti. Mikafuri mikubwa imechanganyika na mierebi, na kuchakuro hushuka hadi karibu na miguu ya watu. Usiwalishe biskuti, wanauma, na chanjo ya kichaa cha wanyama itakuharibia safari. Wazee hufanya taiji, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, hapa asubuhi. Pita pembeni yao, usikate safu, na omba kwa ishara kabla ya kumpiga mtu picha. Wewe pia utaombwa picha, hasa ukiwa na ngozi nyeusi. Mara nyingi ni udadisi wa wageni kutoka mikoani. Ukikubali, tabasamu, usipotaka, punga mkono na kuendelea kutembea kunatosha.

Dongpu ndilo daraja zuri la kuona jua likitoka majini, kwa sababu mbele yako kuna uwazi mpana kuliko kwingine. Mwenye nia ya picha moja tu ya machweo au macheo achague: macheo hapa, machweo Wangshan.

La mwisho ni Kuahong. Ukitoka hapo, kushoto kuna bustani ya Quyuan yenye mayungiyungi, na mbele ni barabara ya Beishan na hekalu la Yue Fei, jemadari wa enzi ya Song. Hekalu lina kiingilio, bustani haina.

Baiskeli: Hangzhou ina baiskeli za umma na za kukodi kwa simu kila kona, lakini siku za mapumziko magurudumu huzuiwa kwenye tuta. Soma alama ya mlangoni, na hata zinaporuhusiwa usipande; utapita madaraja yote kabla hujaona lolote. Kwa mzee aliyechoka kuna vigari vya umeme vya utalii vinavyopita tutani, ukipunga mkono husimama kama kuna nafasi.

Kuendelea hadi mjini kupitia Tuta la Bai

Kutoka Kuahong fuata ukingo wa maji kuelekea mashariki, vuka daraja la Xiling uingie kisiwa cha Gushan, kisha shika Tuta la Bai, kilomita moja hivi, hadi Daraja Lililokatika, ambalo licha ya jina lake ni zima. Tuta hili limepewa jina la mshairi mwingine aliyetawala hapa, Bai Juyi, katika karne ya 9. Ni wazi na zuri, ila ndilo lenye watu wengi kuliko sehemu yoyote ya ziwa. Ukilifikia kabla ya saa 3 utapumua. Toka hapo hadi Longxiangqiao ni dakika 20 za mguu. Tangu mlango wa kusini utakuwa umetembea zaidi ya kilomita 6.

Mashua

Ukitaka kukanyaga kisiwa cha Xiaoyingzhou, panda mashua kubwa kwenye gati la Huagang, la hekalu la Yue, la Gushan au la upande wa mjini. Tiketi ya mtu mzima ni yuan 55, pamoja na kuingia kisiwani. Nunua kwenye dirisha la gati pekee. Mashua ndogo za kasia hulipiwa kwa saa, bei ya chombo kizima na siyo ya kichwa. Soma ubao na mkubaliane muda kabla ya kukaa. Ziwani hakuna kuogelea.

Chakula, swala na choo

Kwenye tuta lenyewe kuna vibanda vichache vya maji na vitafunwa. Nunua kifungua kinywa usiku uliotangulia. Baozi nyingi za mtaani, yaani maandazi ya mvuke yenye kitu ndani, zina nguruwe, na "nyama ya Dongpo" inayobeba jina la mjenzi wa tuta ni nguruwe pia. Samaki wa siki wa Xihu hupikwa kwa mvinyo wa Shaoxing. Anayekula halali atafute alama ya 清真, mara nyingi ya kijani, kwenye migahawa ya tambi za Lanzhou. Mjini ipo mingi. Kitu salama na cha hapahapa ni oufen, uji mzito wa unga wa mizizi ya yungiyungi, na chai ya Longjing kutoka vilima vya magharibi. Chai hiyo usiinunue kwa mtu anayekufuata njiani.

Msikiti wa Fenghuang uko barabara ya Zhongshan Zhong, dakika 10 hadi 15 kwa miguu kutoka kituo cha Ding'an Road. Ulijengwa upya katika karne ya 13 na una mawe ya makaburi yenye maandishi ya Kiarabu. Adhuhuri utaiwahi bila taabu.

Vyoo ni vya bure na safi, vingi ni vya kuchuchumaa. Beba tishu na chupa ndogo ya maji.

Kurudi

Usikate tiketi ya treni ya kurudi inayoondoka kabla ya saa 8 mchana. Kutoka Longxiangqiao hadi Hangzhou Mashariki ni dakika 20 hivi kwa metro, lakini stesheni hiyo ni kubwa na foleni ya ukaguzi Jumapili jioni ni ndefu. Hakikisha simu ina chaji: metro, gari na malipo vyote viko humo. Pawabenki inayoruhusiwa kwenye ndege za ndani za China ni ile yenye alama ya 3C, hivyo anayeendelea kwa ndege aangalie alama hiyo kabla ya kufika uwanjani.